Suruali ya Kubana ya Émérence

Kila asubuhi, kabla mtaa wa Kikula haujaamka vizuri, Émérence alitoka kukimbia. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya nyumba. Mchana kutwa alikanyaga cherehani, akishona unifomu za wanafunzi. Saa ile ya asubuhi tu ndiyo ilikuwa yake. Akikimbia, alijiona mwepesi, kana kwamba barabara ndiyo inayokwenda na yeye ametulia.

Lakini miguu yake ilichoka upesi. Na mbio za wanawake wa mtaa, kilomita kumi, ambazo alitaka kushiriki, zilikuwa zimebakiza wiki nane.

Siku moja sokoni, mchuuzi wa mitumba alimwonyesha suruali nyeusi ya kubana.

"Mama, hii ni ya basportif, bantu ba mbio. Ukivaa, miguu haitachoka tena."

Émérence akainunua. Nyumbani aliijaribu, akaona haibani sana. Akawaza: kama kubana ni dawa, basi kubana zaidi ni dawa zaidi. Akaketi kwenye cherehani, akaipunguza vidole viwili kila upande.

Kesho yake aliivaa kwa shida, akatoka kwa kasi ambayo hakuwahi kukimbia. Mwanzo ulikuwa mtamu. Miti ilipita pembeni kimya, maua yake ya zambarau yakielea katika ukungu. Barabara ilipoanza kupanda mlima, vidole vya miguu vikafa ganzi. Kisha misuli ya nyuma ya mguu ikakaza kama kamba. Akaanguka kando ya mtaro.

Mume wake, Michel, alimwona akirudi anachechemea.

"Mama Dan, mbio iishe!" alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ukivunjika mguu, nani atashona?"

Émérence akaingia ndani, akavua ile suruali. Alihisi kama mtu amefunga dirisha la pekee la nyumba.

Jioni jirani yao Fatou, ambaye Émérence alimwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuja kumpa pole. Fatou alifanya kazi kwenye kliniki, akiwasaidia wagonjwa kurudisha nguvu za viungo. Alimpapasa miguu, akatazama rangi ya vidole.

"Sasa unasikia vidole?"

"Ndiyo, yaya Fatou. Nilipovua suruali, ganzi ikaisha."

"Bahati yako. Nguo ikikuletea ganzi, ao baridi, ao ngozi ikibadilika rangi, unavua palepale. Ganzi isipoisha, ao mguu ukivimba na kuuma, unakuya kliniki mbio." Akaishika ile suruali, akaona mshono mpya. "Kumbe weye mwenyewe uliipunguza!"

Émérence akainamisha kichwa. "Muchuruzi alisema inaondoa kuchoka."

"Ni bongo, alikudanganya. Kuchoka kunatoka ndani ya musuli. Musuli unafanya kazi, unamaliza nguvu yake. Nguo haiwezi kuutia nguvu. Bantu bengine banaipenda, banasema kisha mbio maumivu yanapunguka kidogo. Haina mubaya, kama inakutosha. Lakini haiwezi kukimbia pa nafasi yako."

"Sasa minye nifanye nini?"

"Pumzika mpaka mguu uache kuuma. Kisha, anza polepole. Kimbia kidogo, tembea kidogo. Kila juma ongeza kidogo tu. Siku moja kimbia, siku moja pumzika. Kunywa maji. Kula bukari yako ya unga wa mahindi vizuri, na ulale."

Michel alikuwa mlangoni, anasikiliza. "Kumbe kupumzika nako ni mazoezi?" aliuliza.

"Kabisa, papa Dan. Musuli unajengwa wakati wa kupumzika."

Michel hakusema tena habari ya kuacha.

Mguu ulipopona, Émérence alifumua ule mshono. Suruali aliivaa asubuhi za baridi tu, kwa sababu aliipenda mwilini. Alitembea, akakimbia, akatembea tena. Juma baada ya juma, mlima ukawa mfupi.

Siku ya mbio mvua ya rasharasha ilinyesha. Wengi waliondoka kwa kishindo. Émérence aliwaacha waende. Alisikiliza pumzi yake, na mvua, na nyayo za wanawake zikipiga barabara kama vidole juu ya ngoma. Kwenye kilomita ya saba alianza kuwapita, mmoja mmoja. Miguu ilichoka, ndiyo, lakini haikukataa. Alimaliza wa ishirini na tatu, ameloa, anacheka.

Michel alimpokea na chupa ya maji.

"Mama Dan," alisema kwa sauti ya chini, "kesho uniamshe na minye?"

"Kesho tunapumzika," Émérence akajibu. "Kesho kutwa, papa. Na weye utaanza na kutembea."