Mstari wa Idarusi

Kwenye kompyuta, penye hali ya ndoa katika mstari wake mwenyewe, Asmahani aliandika "mjane". Akageuka kunywa maji. Aliporudi, pameandikwa "ameolewa".

Akadhani kakosea. Akaandika tena.

Alikuwa edani, mumewe Idarusi ana miezi mitatu kaburini. Zamani mwanamke wa eda alikaa ndani akahesabu mijusi. Huyu, ofisi ya shamba la mkonge kule Pongwe ilimfuata na kompyuta hadi chumbani, maana kanzidata ya wafanyakazi ilikuwa imehamishiwa kwenye wingu, mtu akaijaza popote alipo. Programu yenyewe mpya: wawili wakifungua mstari wa mfanyakazi mmoja, kila mmoja huliona jina la mwenzake pembeni. Maendeleo, walisema. Hakuna aliyeuliza nani mwingine ataingia humo.

Idarusi naye alikuwa karani hapo. Kufuta jina lake ilikuwa kazi ya Asmahani, naye kila siku akasema kesho. Waliomjazia nyumba siku ya arobaini hawakuonekana tena. Watu hupenda pilau kuliko mjane.

Saa saba mchana, jua la utosi, jina la Idarusi likawaka pembeni ya mstari wake. Herufi zikajipanga zenyewe: "Asmahani."

Kwetu hata mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka mara ya tatu, jini hafiki ya tatu. Asmahani aliitika ya kwanza.

"Abee," akaandika.

Tangu hapo chumba kikanuka udi asiouchoma mtu, na kila adhuhuri kitanda kikabonyea upande wa ukutani alikolala marehemu, na pumzi ya moto ikamshukia shingoni huku herufi zikimuuliza kala nini, kaota nini, analia nini, maswali ambayo hakuna kiumbe aliyekuwa akimuuliza, hata akakonda, akaogopa, na bado saa sita ikifika akawa anachana nywele.

Shangazi yake Samiha alipomwona alivyobaki mifupa, akamleta mganga, Bi Khadija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Amekufa, bibi."

"Wa kaburini namjua. Nauliza huyo aliyekaa kitandani."

Asmahani akanong'ona, "Ni Idarusi."

"Idarusi gani! Kalivaa jina lake kama kanzu ya kuazima. Eda ikiisha hujamvua, kakuoa. Lifute."

"Nikilifuta nabaki na nani?"

"Na sisi," akasema Samiha, huku akitafuta viatu vyake.

Bi Khadija akafukiza ubani. Asmahani akalifuta. Dirisha likapiga kishindo, harufu ikakatika kama kamba.

Siku tano hakuna aliyebisha hodi. Ya sita, adhuhuri, akaifungua kanzidata. Programu ile huweka kilichofutwa siku thelathini, mwenye kujuta akirudishe.

Siku ya kutoka eda Samiha na wanawake wenzake wakaja na maji ya kumkosha. Mlango akaufungua mwenyewe, kwa kiwiko. Mikono yote miwili ilikuwa na hina mbichi, imechorwa maua hadi kwenye viwiko, na hina ya namna hiyo mtu hajipaki mwenyewe.

"Semeni taratibu, shangazi," akanong'ona. "Kalala."