Tyubu za Baiskeli Mapajani

Kondo alikuwa mfua nazi Mbagala. Kutwa alisimama mbele ya kifuo, mti uliosimikwa ardhini wenye ncha ya chuma. Aliichoma nazi kwenye ncha, akaizungusha, makumbi yakabanduka. Nazi mia nne kwa siku. Wenzake walimwita mashine.

Lakini mashine ilikuwa na ugonjwa wake. Kila baada ya miezi miwili mitatu kiuno kilimkamata. Kikimkamata, hata kuinama kurukuu msikitini hawezi. Atalala siku kumi, atarudi kazini, kitamkamata tena.

Mara ya tatu mwaka ule, mwenye nazi, bwana Nawaf, alimwambia wazi, "Kondo, mie sina ugomvi nawe. Ila ukilala tena, kifuo nampa mtu mwingine."

Kondo hakujua kazi nyingine. Alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Faraji, kaka wa mkewe Tunu, alikuwa mnyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege.

"Shemeji, dawa ninayo," alisema. "Kwenye kibanda cha video nimewaona Wajapani. Wanafunga mapaja dakika kumi hivi, damu inapita kidogo, wananyanyua vyuma vyepesi, na misuli inatuna vilevile. Vizito huwezi. Hii ndiyo saizi yako."

"Wanafunga na nini?"

"Mikanda fulani hivi. Kwani tyubu ya baiskeli ina kasoro gani?"

Tunu alicheka. "Sie tukijifungua tunafungwa mkaja tumboni. Wewe umejifungua nini mapajani?"

"Kwani mkaja haukukufaa?" Kondo alijibu. Akajifunga tyubu mbili, akakaza. Akawaza: kama dakika kumi zinafaa, saa tatu zitafaa zaidi. Akaenda nazo kazini ndani ya suruali.

Saa nne asubuhi miguu ilikufa ganzi. Alipoinama kuokota nazi, mguu wa kulia haukumtii. Akaangukia kifuo. Ncha ilipita kwapani, ikachana shati. Kidogo tu ingemwingia ubavuni. Wenzake walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni. Bahati yake, Nawaf hakuwepo siku ile.

Tunu alimkimbilia jirani yao Jovina. Kazi ya Jovina hospitalini ilikuwa kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa viungo. Alikuja, akazikata tyubu kwa mkasi. Miguu ilikuwa imevimba, na alama za mpira zimezama nyamani.

"Shemeji, nani kakufundisha haya?"

Kondo alimtazama Faraji, aliyekuja mbio kusikia habari. Faraji alitazama dari.

"Faraji hakudanganya," Jovina alisema. "Mazoezi hayo yapo. Lakini wenzetu wana mkanda wenye kipimo, kama ule wa kupimia presha. Mtaalamu anahakikisha damu haizuiliki yote. Dakika chache, anafungua. Tena si kila mtu anafungwa. Hata mie sifungi mtu, maana kipimo sina. Tyubu haina kipimo. Damu ikisimama inaweza kuganda. Bonge la damu likienda mapafuni, tunakuzika."

"Basi nilale?"

"Hilo ndilo kosa lako la zamani. Ukilala siku kumi, misuli ya kiuno inalegea. Ukirudi kazini, unakamatwa."

Jioni hiyo hospitalini daktari alimpima miguu, akamwambia ana bahati, damu haikuganda.

Kesho yake Jovina alimlaza chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini.

"Inua makalio. Hesabu mpaka tano. Shusha. Mara kumi. Sasa kaa kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Badilisha."

"Mbona mepesi hivi?"

"Mepesi ya kila siku yanashinda mazito ya siku moja. Na utembee. Kiuno kikiuma kidogo, usiogope. Ila mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa, usinisubiri mie. Wahi hospitali."

Siku ya tatu Kondo alirudi kazini kabla Nawaf hajajua kitu, na Jovina alipita kumwangalia. Akakitazama kifuo, akamtazama Kondo.

"Kifuo hiki kilisimikwa kwa ajili ya nani?"

"Marehemu mzee Khalfani."

"Alikuwa mrefu kama wewe?"

"Wapi! Alikuwa ananifika kifuani."

Miaka kumi na miwili Kondo alikuwa anainamia kifuo cha mtu mfupi. Wenzake walimsaidia kusimika kingine kirefu siku hiyohiyo.

Miezi minne ikapita bila shida. Halafu asubuhi moja kiuno kikamkamata tena. Kondo alikaa kitandani, jasho likimtoka. Aliona kazi imekwisha. Kisha akashuka mkekani, akafanya mazoezi taratibu, mara tano badala ya kumi. Akatembea polepole hadi kazini.

Nawaf aliona mwendo ule, akaujua.

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Na umekuja?"

"Leo nitafua mia moja tu, bosi. Nikilala ndiyo kinazidi."

Nawaf alisimama akamtazama anafua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgongo ulikuwa umenyooka.

"Mia moja, sawa," alisema. "Nyingine watafua wenzako. Mahali pako ni hapo."