Dungu Lililonyamaza

"Sheshe, funga milango. Mzigo usishuke. Narudia, mzigo usi..."

Redio ikakata.

Justa Ngalipa, ambaye redioni aliitwa Sheshe, akabonyeza Motorola yake tena. Mkwaruzo mtupu. Akatazama simu. Mtandao hakuna. Kuna mtu alikuwa amewakatia mawasiliano, na alikuwa karibu.

Mbele yao, Fuso lililojaa magunia lilikuwa limekwama katikati ya daraja jembamba, kabla hujafika Mchombe. Nyuma, mgongoni mwa gari la walinzi, trekta lenye tela lilikuwa limekaa mshazari barabarani, dereva wake katoweka. Kushoto majaruba ya mpunga ulioiva. Kulia majaruba. Land Cruiser isiyopenywa na risasi ilibaki juu ya tuta, peupe, jua linaipiga.

"Huo mzigo ndio mimi?" sauti ikauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Samahani."

Mheshimiwa Eustaki Lyampawe, Makamu wa Rais, akacheka kwa kejeli.

Nikueleze kidogo, usije ukaachwa njiani. Katika Tanzania ya hadithi hii, katiba inasema anayeshinda uchaguzi anakuwa Rais, na anayemfuatia kwa kura anakuwa Makamu wake. Hata kama wametukanana kampeni nzima! Watu mitaani waliiita ndoa ya mkeka. Rais chama kile, Makamu chama hiki, kila mmoja analala jicho moja wazi. Hata ulinzi waligawana: walinzi wa Makamu watoke chama chake, dereva wake atoke Ikulu.

Dereva ndiye Justa. Jasusi wa serikali, bastola ya Glock kiunoni, na hakuna aliyempenda katika msafara ule.

Asubuhi hiyo makao makuu yalikuwa yamenasa habari. Kampuni moja ya kigeni, iliyonyimwa bonde la Kilombero, ilikuwa imemnunua mtu wa karibu na Makamu. Makamu auawe, lawama imwangukie Rais, nchi iwake, na katika moshi huo bonde lichukuliwe. Jina la mtu huyo halikujulikana. Ila Justa alijua jina la atakayebebeshwa maiti. Lake mwenyewe.

Ngo! Ngo! Ngo!

Osward, mkuu wa walinzi, alikuwa anagonga kioo. Jasho linamtiririka.

"Mheshimiwa, shuka! Kuna bomu chini ya gari! Twende gari la nyuma, haraka!"

Makamu akashika kitasa. Kimefungwa.

"Fungua, binti."

"Sifungui, Mheshimiwa. Mtu anayejua kuna bomu hasimami karibu nalo hivi."

"Huo ndio ushujaa! Osward tulifungwa naye mahabusu. Wewe umeletwa na Rais. Nimwamini nani?"

Justa akaacha kidole juu ya swichi ya loki. Ndani labda bomu. Nje labda risasi. Na mtu anayemlinda anamwona yeye ndiye muuaji. Angefanya nini, amfunge kamba?

"Fungua mlango!" Makamu akanguruma. "Au nikufie humu humu?"

Ngo! Ngo! Osward alikuwa ameanza kupiga kitasa kwa kitako cha bastola.

Justa akayatazama majaruba. Ulikuwa msimu wa kuwinga ndege, na bonde zima lilikuwa kelele tupu. Juu ya kila dungu, vile vichanja vya miti vya kulindia mpunga, kulikuwa na mtu. Huyu anapiga debe. Yule anazungusha kombeo na kurusha donge la tope. Haya! Hayaa! Justa mwenyewe alikulia juu ya dungu, kule Namawala, akipiga kelele mpaka sauti inakauka.

Hapo macho yake yakagota.

Dungu moja, upande wa kulia, lilikuwa kimya. Mtu yumo, kajifunika kanga na kofia ya ukindu. Lakini hasogei. Na kwelea kwelea wametanda juu ya mpunga wake, wanakula bila wasiwasi wowote.

"Mheshimiwa, wewe ni mtoto wa Katindiuka, bonde hili hili. Rais muache. Mimi pia niache. Tazama dungu lile tu, halafu ukitaka kushuka nitakufungulia."

Makamu akasonya. Akatazama. Kitasa kikamtoka mkononi.

"Lile la nani?" aliuliza taratibu.

"Sijui."

"Ndege wote wale?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haiwezekani. Mama yangu aliwinga ndege akiwa na homa inayomtetemesha. Mkulima wa huku hata afe juu ya dungu, maiti yake itakohoa kuwafukuza ndege."

"Basi yule si mkulima. Ana bunduki, na anakusubiri ushuke."

Makamu akageuka kumtazama Osward. Osward alikuwa bado anagonga, lakini jicho lake, mara kwa mara, lilikimbilia kulia. Kule kule kwenye dungu.

"Mungu wangu," Makamu akasema. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

Justa akampa kipaza sauti cha gari.

"Waamshe jirani zake."

Spika ya juu ya paa ikalia.

"Jamani wa Mchombe! Hamjambo? Lile dungu la kulia ni la nani? Mbona ndege wanamaliza mpunga!"

Kelele za majaruba zikatulia. Kisha mwanamke akapaza sauti kutoka dungu la jirani.

"La Paulina hilo! We Paulina! Umelala? Unatulelea ndege watuhamie sisi!"

Kimya.

"Mrushieni huyo!" sauti nyingine ikadakia.

Weee! Makombeo yakazunguka kila upande. Madonge ya tope yakanyesha juu ya dungu. Puu! Puu! Kofia ikaruka. Kanga ikadondoka, na likaonekana lijamaa la kigeni, uso wote tope, bunduki ya darubini mkononi.

Ndege wakaruka wote kwa mpigo, anga likawa jeusi.

Paa!

Kioo cha gari kikapasuka kama utando wa buibui, hakikutoboka. Jamaa alikuwa anafyatua bila kuona.

Osward akajua mambo yameharibika. Akageuza bastola, akakimbilia mlango wa dereva. Justa akamsubiri afike. Akafyatua loki, akausukuma kwa miguu yote miwili ule mlango mzito wa chuma. Ukampata usoni. Osward akabiringika mpaka mtaroni.

"Mkamateni huyo!" spika ikaamuru, na walinzi wa Osward mwenyewe wakamrukia.

Justa tayari alikuwa ndani ya maji. Alikwenda kwa tumbo kati ya mpunga, majani yanamchana mashavu. Akatokea nyuma ya dungu.

"Tupa!"

Jamaa akageuka na bunduki.

Glock ikasema mara moja. Bega likampasuka, bunduki ikaanguka majini. Pembeni yake kidude cheusi chenye antena kilikuwa kinawaka taa. Justa akapanda, akakipiga teke. Simu yake ikafufuka.

Chini ya dungu, mama wa makamo alikuwa amefungwa kamba, kitambaa mdomoni. Justa akamfungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama Paulina akasema, kisha akaangua kilio. "Mpunga wangu jamani! Wamekula wote!"

Waliporudi barabarani, umati ulikuwa umezingira gari. Simu ya Makamu ilikuwa sikioni, na sauti ya mkubwa mmoja wa chama chake ilisikika mpaka nje.

"Sema ni Rais, Mheshimiwa! Tamka tu, nchi tunaichukua leo!"

Justa akasimama. Hapa Glock haikuwa na kazi. Maneno mawili tu kutoka kinywani mwa mzee huyu yangetosha kuwasha kila kitu, na yeye hakuwa na mlango wa kufunga.

Makamu akakata simu. Akamtazama Osward, kaketi chini, pua inavuja damu. Akachukua kipaza sauti.

"Aliyetaka niuawe ni huyu hapa. Wa chama changu. Mama yangu alipofariki, alibeba jeneza pamoja nami." Sauti ikamkatika. Akajikaza. "Rais hahusiki. Asidanganywe mtu."

Mama Paulina akajishika kichwa.

Redio ikakwaruza. "Sheshe, hali?"

"Mzigo uko salama," Justa akajibu.

Makamu akamsogelea, macho mekundu.

"Binti, kura yako hukunipa mimi."

"Sikukupa, Mheshimiwa."

"Na uchaguzi ujao?"

Justa akakamua tope kwenye mkono wa shati lake.

"Kura ni siri," alisema, akatembea taratibu kwenda kulisogeza lile trekta.