Inshallah ya Mwaka Jana

Hilwa hakuwa na chumba chake, kwa kuwa alilala na dada yake. Hakuwa na simu, hakuwa na baiskeli, wala hakuwa na ndugu mdogo wa kutumwa dukani, basi alitumwa yeye. Haya yote aliyajua na aliyalalamikia kila siku. Kitu kimoja alichokikosa bila ya kukijua ni subira ya kumaliza kazi.

Familia yao ya Kizanzibari ilikaa Al Mankhool, mtaa wa Dubai, ghorofa ya nne. Dada yake, Mawadda, alikuwa na shahada ya biolojia, lakini chuo cha udaktari kilimkataa kwa upungufu wa alama chache. Njia iliyobaki ilikuwa kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, inayowaandaa watu kama yeye ili waombe tena. Vyuo vitatu vilimkubali. Barua ya kukubali chuo kimoja ilitakiwa itiwe posta kabla ya Alhamisi.

"Hilwa, nichoree jedwali," alisema Mawadda akivaa viatu kwenda kazini, kwenye duka la dawa. "Muda, masomo, na wanafunzi wangapi wa mwaka jana waliingia udaktari. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Pasipo na jibu, piga simu uulize."

Hilwa alichora, akapiga kwa simu ya nyumbani. Vyuo viwili vilimwambia vitajibu kwa barua pepe. Cha tatu kilikuwa na wakala wake hapo hapo Dubai, Bwana Irshad, mtu wa Mombasa.

"Wanafunzi wenu wanaingia udaktari?" Hilwa aliuliza.

"Inshallah, inshallah! Mwambie dada aje atie sahihi. Yalla, haraka!"

Mlangoni Huda, rafiki yake, alikuwa amekwisha kubeba taulo. "Kobe we! Bwawa linafungwa!"

Hilwa akaandika "Wote", akakimbia.

Jioni Mawadda alilisoma jedwali, akatabasamu. "Wote! Basi khalas, yamekwisha, nakwenda hiki." Akavuta karatasi aandike barua.

Babu yao, Mzee Thuwein, alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la usiku, na hakuna maandishi aliyoyasoma mara moja tu. Akalichukua jedwali.

"Wote? Hata chuoni kwa maalim wa Kurani hatukuhitimu wote. Nani kasema?"

Hilwa akalitazama zulia. "Bwana Irshad alisema inshallah, babu. Mimi nikaandika wote."

"Hilwa!" Mawadda alitupa kalamu. "Nipoteze mwaka wangu kwa sababu ya bwawa?"

Mzee Thuwein akapiga simu, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Bwana, mwaka jana walisoma wangapi kwenu, na wakaingia udaktari wangapi?"

"Mzee wangu, inshallah wataingia wengi..."

"Inshallah ni ya kesho. Mimi nakuuliza ya mwaka jana, iliyokwisha kupita."

"Hesabu hiyo hatunayo, mzee."

"Hamnayo! Na mnawaita watoto wa watu waje watie sahihi? Jina la Mungu umelifanya pazia la kufichia chumba kitupu! Huoni haya? Mwaka wa msichana si kanga, aijaribu kisha airudishe dukani!"

Akakata simu. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe usijifiche nyuma yake. Yeye ametundika pazia, wewe umelitia nakshi."

Hilwa alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Asubuhi majibu yalifika. Chuo cha kwanza kiliahidi kumwita kila mwanafunzi kwenye usaili tu, lakini walioingia udaktari hakikuwataja. Cha pili kiliandika wazi: walisoma thelathini na mmoja, wakaingia udaktari kumi na tisa.

"Kumi na wawili walikosa," Hilwa alinong'ona.

"Walikosa, na wamesema," Mawadda alijibu. "Nakwenda hiki."

Hilwa akalifuta neno "Wote", akaandika "Hawajui".

"Sasa umeandika kweli," alisema babu. "Usilolijua, sema hulijui. Ukisema sijui, utaulizwa tena. Ukisema uongo, atalipa mwenzio."

Mawadda alipomaliza barua, alimpa Hilwa bahasha aandike anwani. Huda akachungulia mlangoni. "Kobe, bado tu?"

"Bado. Ngoja."

Akaisoma anwani, akaisoma tena namba kwa namba. Ndipo akailamba gundi, akaifunga bahasha, akaenda mwenyewe kuitia katika sanduku la posta.