Lakini Sikutaja Jina

Zamani Jumamosi ikifika, Tusajigwe alikuwa akipika maandazi. Timu ya maombi ya kanisa lao, Tabata, ilikutana sebuleni kwake kabla ya kwenda kuona wagonjwa. Siku hizi walikutana kanisani. Walikaa mbali mbali, wakitupiana jicho la pembeni.

Siri ilikuwa imevuja. Mume wa Tusajigwe, Albano, alikuwa akipambana na pombe. Tusajigwe aliwaambia wanatimu peke yao. Sasa hata muuza mkaa alimpa pole! Albano akaona aibu.

“Nikiwakuta tena hao wenzako humu, nahama,” alimwambia mkewe.

Walipokutana kanisani, Tusajigwe akamgeukia jirani yake, mwanatimu mwenzake. “Ni wewe, Felicitas. Mdomo wako hauna kitasa.”

“Mie? Mungu anaona! Muulize kiongozi wetu.”

Kiongozi wao, Wilbert, akakohoa. “Mie niliomba tu, nyumbani kwa mgonjwa kule Kimanga. Nilisema, ‘Bwana, mkumbuke kaka yetu wa jirani na mashine ya kusaga, pombe inammaliza.’ Lakini sikutaja jina!”

“Jirani na mashine anakaa nani mwingine, braza? Mbuzi?” Tusajigwe akauliza.

“Basi, tusameheane,” Felicitas akasema. “Tuimbe pambio, yaishe.”

Wakaimba. Hayakuisha. Tangu hapo, mtu akiulizwa ana ombi gani, hujibu, “Niombeeni safari njema.” Hata asiye na safari!

Tusajigwe akachoka kuwashuku wenzake. Akamwita Mama Jovina, mwinjilisti mstaafu, aje kuzungumza na timu.

“Shikamoo, mama,” wakamsalimu.

“Marahaba, wanangu. Kitendawili!”

“Tega!”

“Nyumba yangu haina mlango.”

“Yai,” wakajibu.

“Haya, likivunjika utalifunga kwa kufuli gani? Siri ni hivyo hivyo. Pambio haliirudishi. Wilbert, acha hayo ya ‘sikutaja jina’. Sema ulichofanya.”

Wilbert akainama. “Nilitoa siri ya dada Tusajigwe. Nilitaka watu waone kwamba najua mambo mengi. Nimekosa.”

Tusajigwe akamkazia macho. Huyu anasema kweli, au anaigiza?

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini bado sijakuamini.”

“Hapo umesema vyema,” Mama Jovina akasema. “Msamaha hutolewa. Kuaminiana hujengwa. Wilbert, pumzika uongozi, Felicitas ashike. Tena ombi la mtu lisitoke nje bila ruhusa yake, hata kwa mafumbo. Na wewe, Wilbert, nenda kwa Albano.”

Wilbert akaenda, akaomba radhi bila visingizio. Albano akamfungia mlango. Akaenda tena. Safari hii Albano alimsikiliza, ila hakumkaribisha ndani.

Miezi ikapita. Tusajigwe alitega sikio sokoni na bombani. Hakusikia neno lolote lililotoka kwenye timu. Watu wakaanza tena kusema shida zao za kweli. Naye akamweleza mumewe hayo yote.

Jumamosi moja, sauti ya Felicitas ikasikika nje. “Hodi! Shemeji, mtaturuhusu tuombe hapa?”

Tusajigwe akafungua mlango. Albano akawatazama wanatimu mmoja mmoja.

“Karibuni,” akasema. “Ila wewe Wilbert, kaa hapa karibu yangu, niuone vizuri huo mdomo.”

Wilbert akawa wa kwanza kucheka. Tusajigwe akaenda kuinjika chai.