Mpunga Usiopukutika

Ndugu zangu, haya yalitokea kwetu, nchi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Marekani, kule Minnesota. Nayasimulia kwa hasira, maana yangeweza kuzuilika.

Asubuhi moja, mwishoni mwa Agosti, Vernadine Northbird alikuwa mtumbwini na bintiye, Josette. Binti alisukuma mtumbwi kwa upondo. Mama aliinamisha mashuke ya mpunga wa ziwani na kuyapiga kwa vijiti. Kila mwaka punje nyingi huanguka mtumbwini, na zinazoanguka majini huota mwaka unaofuata. Siku hiyo ziling'ang'ania shuke.

"Piga kwa nguvu, mama."

"Nikizidisha nitavunja mabua."

Hadi adhuhuri walikuwa wamepata za kujaza kofia tu.

Vernadine alikwenda kwa watafiti waliopanda mpunga wao ziwa la jirani miaka miwili kabla.

"Tumeuhariri jeni ili punje zisipukutike," mkuu wao alimweleza. "Huenda upepo umeleta chavua kwenu."

"Zisipodondoka majini, mwakani kutaota nini?"

Bwana yule alijikuna shingo. "Tuliwashirikisha, mama. Kaka yako alitia saini."

Kaka yake, Alton, alikuwa mwenyekiti wa baraza la kabila letu. Vernadine alimkuta anaosha gari.

"Walinialika mjini," Alton alisema bila kumtazama. "Wakanikalisha mbele, wakaniita kiongozi mwenye maono. Ningekataaje, dada?"

"Ungetuuliza. Wewe mara ya mwisho kushika vijiti ilikuwa lini?"

"Walisema ni majaribio."

"Kwao majaribio. Kwetu chakula."

Wanawake wa ziwa letu hawakumngoja mwenyekiti kuitisha mkutano. Waliwabana watafiti mpaka wakang'oa mpunga wao, kisha wanawake wenyewe wakaingia ziwani kwetu kung'oa mmoja mmoja ule ulioharibika. Kazi hiyo ilichukua misimu mitatu. Leo nusu ya ziwa ni maji matupu.

Katikati ya misimu hiyo mama mzazi wa Vernadine na Alton alifariki. Mpunga wa kupika msibani Vernadine aliuomba kwa jamaa wa ziwa la mbali. Alton alipopewa bakuli la wali huo, aliliweka chini na kutoka nje. Vernadine hakumfuata.

FUNZO

Enyi wenye maabara, saini ya mtu mmoja si ridhaa ya watu. Kaeni na wanaokula kutoka ziwa hilo kabla ya kupanda chochote, na wakikataa, ondokeni. Nanyi viongozi wetu, sifa za wageni zisiwasahaulishe mliowaacha nyumbani. Mbegu ikishapeperuka, hakuna kikao kitakachoirudisha.