Tumefika Salama

Redio ilianza kunuka mwani.

Mama Kituo aliinama akanusa tena. Harufu haikutoka dirishani, maana dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua iliyokuwa ikikaribia, na vioo vyake vilikuwa vimefunikwa na ukungu wa chumvi. Haikutoka viatuni mwake. Harufu ilitoka kwenye vitundu vya spika, nzito, ya mwani uliooza, na ndani yake mlikuwa na ubaridi kama wa chuma. Alifuta spika kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka kimelowa.

"Na wewe umeanza kuzeeka," aliiambia redio.

Siku za kazi alikuwa mshonaji wa mapazia. Jumamosi alipanda ngazi za chuma mpaka chumba hiki kidogo juu ya gati, akakaa mbele ya redio ya upepo bila kulipwa hata senti, kama wenzake wote wa kikosi cha uokoaji. Kila mwenye mashua ya matembezi alimwita kabla ya kutoka: jina la mashua, watu wangapi, wanaelekea wapi, wanarudi lini. Yeye aliuliza kama wamevaa majaketi ya kuokolea na kama filimbi zimefungwa kwenye majaketi, kisha akamalizia kwa maneno yaleyale, hata kwa waliochoka kuyasikia: "Mashua ikipinduka, msiiache. Ing'ang'anieni. Mashua inaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani."

Halafu alitundika kibao cha mashua hiyo kwenye msumari, upande mwekundu ukiwa nje. Wakirudi walimwita tena, "tumefika," naye akakigeuza upande mweupe. Kibao chekundu kikichelewa, boti ya uokoaji inatoka. Kibao kikiwa cheupe, hakuna anayetafutwa.

Asubuhi hiyo mmoja wa walioita alikuwa mumewe, fundi wa friji, kutoka kwenye mashua yake ndogo aliyoiita Pumziko.

"Kituo, hapa Pumziko. Tunakwenda kuvua kwenye boya la manjano. Tuko wawili, mmoja mtu mzima na mmoja mkorofi."

"Mkorofi ni nani?"

"Baba!" sauti ya binti yao ilidakia, na redio ikajaa kicheko, upepo na mngurumo wa injini.

"Jaketi umemfunga vizuri?"

"Nimemfunga mpaka analalamika, bosi."

Mchana ulipoanza kugeuka, mawingu yalipanda upande wa bahari. Mashua zilirudi moja baada ya nyingine, na vibao vikawa vyeupe. Ndipo harufu ilipokuja, na nyuma ya harufu, sauti.

"Kituo, hapa Pumziko. Tumefika salama, bosi."

Mama Kituo alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu wingu la kwanza. Akakigeuza kibao.

Alishona pindo la pazia alilokuja nalo. Akanywa chai iliyopoa. Muda mrefu ulipita kabla hajasimama kufuta kioo kwa kiganja ili aitazame mvua inavyokuja, na alipofuta aliona mteremko wa kushushia mashua, na kwenye mteremko gari la mumewe, na nyuma ya gari trela.

Trela lilikuwa tupu.

Alilitazama kama mtu anayesoma neno asilolijua. Kisha akaishika maiki.

"Pumziko, Pumziko, hapa Kituo. Mnanipata?"

"Tunakupata. Trela tumeliacha, mtoto alichoka, tumechukua teksi."

Hakuwa ameuliza habari ya trela.

"Mko wapi?"

"Tumefika salama."

"Nipe mtoto niongee naye."

"Mama," redio ilisema kwa sauti ya binti yake, tamu, iliyo karibu mno, "tumeshafika. Usije."

Aliiachia maiki ikaning'inia. Sauti ilikuwa yao kabisa, mpaka kikohozi kidogo cha mumewe. Ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na upepo, wala gari linalopita, wala mlango unaofungwa. Kati ya neno na neno hapakuwa na mtu anayevuta hewa.

Aliipiga simu ya mumewe. Haikupatikana.

Nahodha wa boti ya uokoaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye siku nyingine aliwafundisha watu kuendesha magari. Alipanda ngazi mbili mbili aliposikia anaitwa.

"Shemeji, kaka yako hajarudi."

Alitazama ukutani. "Kibao cheupe."

"Nilikigeuza mimi. Nimekosea."

"Nilisikia kwa masikio yangu redioni kwenye boti, anasema amefika. Shemu, hali ya hewa unaiona. Mwenzangu yuko kitandani na homa. Nikitoka na boti peke yangu kumtafuta mtu aliyekaa kwake anakula, kesho watanifukuza kikosini, tena yeye ndiye atakayenicheka kuliko wote."

"Trela ni tupu."

"Kwani hajawahi kukodi sehemu ya kuegesha upande wa pili?"

"Nyamaza basi usikilize. Usisikilize maneno. Sikiliza nyuma yake." Akabonyeza maiki. "Pumziko, mko wapi?"

"Tumefika salama, bosi. Mwambie mdogo wangu akapumzike."

Shemeji alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka usoni taratibu. Alisogea mpaka shavu lake likagusa spika, akarudi nyuma akijifuta maji.

"Kwa nini inanuka hivi?" aliuliza, na sasa alikuwa ananong'ona.

"Nahofia kukuambia."

Mama Kituo alipiga magoti, akapapasa chini ya meza, akaushika waya wa betri akaung'oa. Taa ya kijani ya redio ikazimika, na mshale ukalala, na chumba kikanyamaza kiasi kwamba waliisikia mvua ikianza kudonoa bati, halafu kutoka kwenye redio ile iliyokufa, bila mkwaruzo, bila mvumo, kama mtu aliyekaa mezani pamoja nao, sauti ya fundi wa friji ikasema, "Tumefika. Tumefika. Tumefika salama, msije, tumefika."

"Jini," shemeji alisema kwa midomo tu.

Neno hilo lilipomtoka, walikuwa wameshafika nusu ya ngazi, wakishuka kuelekea boti.

Boti iliruka juu ya mawimbi kuelekea boya la manjano, na Mama Kituo, ambaye miaka yote alikuwa ameijua bahari kwa masikio tu, alishikilia chuma cha mbele kwa mikono miwili huku mvua ikimchapa machoni, na kila alipofumba macho aliona mkono wake mwenyewe ukikigeuza kile kibao, kwa wepesi ule, kwa furaha ile, na kuwaibia watu wake mchana mzima. Redio ya boti ilikuwa imezimwa. Hata hivyo iliongea. Iliongea kwa sauti ya shemeji: "Kituo, tumewapata, tunarudi." Shemeji alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, akaifunika redio kwa koti lake kama anayefunika maiti.

"Tunatafuta wapi?" alipiga kelele. "Mkondo umeshawasukuma!"

"Zima injini!"

"Tukizima tutayumbishwa!"

"Zima, shemeji, nakuomba! Nataka kusikia!"

Alizima. Bahari ikawabeba ikawatupa. Kutoka kushoto binti yake alimwita, "Mama, huku!" na kutoka nyuma akamwita, "Mama, huku!" na kutoka chini, chini kabisa ya ubao waliosimamia, akamwita tena, na zote zilikuwa sauti zilezile zisizovuta hewa. Kisha kwa mbali, kulia, nyembamba, ikikatikakatika na kuanza upya, ikasikika filimbi.

Filimbi inataka pumzi. Shemeji akawasha injini akageukia kulia.

Pumziko ilikuwa imepinduka, tumbo lake jeupe likielea kama samaki. Juu yake mtoto alikuwa amelala kifudifudi, kamba ya nanga imezungushwa mkononi, filimbi mdomoni. Hakuitoa hata walipomvutia ndani. Mama yake aliitoa kwa vidole.

"Baba yuko wapi?"

Mtoto alimtazama kwa hofu, akajivuta kidogo nyuma.

"Si ulimwita? Ulisema umekuja na boti lakini huwezi kusogea, aje achukue kamba. Akaniambia nishikilie, akaenda kwako."

Mama Kituo alisimama akafungua mdomo kuita, na kabla hajatoa hata herufi, sauti yake ilitoka kwenye mvua upande wa bahari kuu, ya upole, ya kila Jumamosi: "Njoo, mume wangu. Kamba hii hapa."

Na shemeji akaonyesha kidole. Kichwa kimoja, mbali, kikiogelea kuelekea huko.

"Mwite!" shemeji alilia. "Mwite, shemu, arudi!"

Alitaka. Lakini alijua kwamba akiita, huko majini zitakuwa sauti mbili za mke mmoja, na mwanamume aliyechoka atafuata iliyo tulivu, na yeye hakuwa na utulivu wowote wa kumpa. Kazi yake miaka yote kituoni ilikuwa kuita. Akaufunga mdomo kwa kiganja, na kwa mkono mwingine akairudisha filimbi kwenye midomo ya mtoto.

"Piga. Usiache."

Mtoto alipiga. Alipiga huku analia, huku kamasi zinamtoka, na injini ikavuma, na kichwa kile kikaendelea kwenda, kikaendelea, kikasimama. Kikageuka.

Walimpandisha akiwa baridi kama samaki. Alikaa sakafuni akitetemeka, mtoto mapajani, akimtazama mkewe. Na hapo, nyuma yao, karibu kiasi cha kuguswa kwa kasia, sauti ya Mama Kituo ikauliza kwa huzuni:

"Mume wangu, umepanda na nani?"

Mumewe aligeuza kichwa kuelekea majini. Kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, usoni, mdomoni.

"Sema kitu," alimwomba. "Sema kitu nijue ni wewe."

Mama Kituo alivuta pumzi. "Ni mimi," ilisema bahari, kwa sauti yake, kabla yake.

Mumewe alianza kuinuka.

Mama Kituo alimrukia. Alimwangusha kwenye mbao akamlalia kwa uzito wake wote, mikono shingoni, miguu ikikaza miguu yake, naye mume akajitahidi kujinasua, akampiga ngumi mgongoni, akamsihi amwachie, mke wake anamsubiri. Shemeji alisukuma injini mpaka mwisho. Mtoto alitambaa mpaka kichwani pa baba yake, akaziba masikio yake kwa viganja viwili vidogo vilivyochubuka.

Hivyo ndivyo walivyorudi, mwanamke akimshikilia mume aliyekuwa akimwogopa, bila kutamka neno, na jina la mume likiitwa nyuma yao njia nzima, kwa mapenzi.